Sare Mbili za Daktari

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nafasi mbili zimebaki. Mashindano ya Wanane, yanayowakutanisha wachezaji wanane bora wa sataranji, yatafanyika mwezi ujao katika ukumbi wa maktaba yetu, na sita kati yao wameshajulikana. Wawili wa mwisho watapatikana wiki hii katika mchujo wa raundi tano, kuanzia kesho jioni hadi Jumamosi. Washiriki kumi na wawili. Wawili tu watafuzu.

Mimi si mchezaji. Ninaorodhesha vitabu ghorofa ya pili, na nina shahada ya takwimu ambayo maktaba haijawahi kuihitaji. Lakini kila mwaka chama cha sataranji huandaa shindano dogo la utabiri kwa sisi watazamaji. Unaandika majina mawili, unayatia kwenye bahasha, unamkabidhi Katibu. Anayepatia yote mawili huueleza ukumbi mbinu yake, kisha siku za Wanane hukaa kando ya ubao mkubwa wa ukutani na kuwachambulia watu kila hatua. Kiti hicho nimekitamani kwa miaka mitatu. Miaka yote mitatu amekikalia Gundi.

Gundi ndiye anayejalidi vitabu vyetu, chumba cha chini. Hutabiri kwa kutazama namna wachezaji wanavyovuta viti. Anayevuta mara moja ana uhakika. Anayevuta mara mbili ana wasiwasi. Nimemweleza mara nyingi kwamba huo si ushahidi. Hunikubalia kwa adabu, kisha anapatia.

Mwaka huu kuna ugumu mwingine. Mdogo wangu wa kike ni mmoja wa wale kumi na wawili. Ni fundi cherehani, hushona magauni ya harusi katika chumba alichopanga mtaa wa pili, na hucheza sataranji akishamaliza pindo la mwisho la siku. Ana miaka thelathini na minne. Ameingia kwenye mchujo mara nne na hajafuzu hata mara moja. Amesema hii ndiyo ya mwisho. Akikosa, ubao wake atamgawia mtu. Alilisema hilo huku akikunja kitambaa, bila kunitazama, na kwa sababu hiyo naamini hakuwa akitania.

Nimepiga hesabu kwa matokeo yake ya miaka mitano. Uwezekano wa kufuzu: asilimia kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja. Basi nimeandika Daktari, yaani yule daktari wa meno anayeongoza orodha yetu, na Fundi Saa. Ninampenda mdogo wangu. Mapenzi hayamo katika kanuni.

Saa kumi na mbili jioni. Limetokea jambo zito. Kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanisuta, niliamua kulifuta vumbi sanduku la sataranji la mdogo wangu, kama fadhila ya siri kwa mtu niliyemwacha nje ya orodha. Ndani yake, chini ya farasi, nimekuta daftari. Kurasa za mwanzo: hatua za michezo, kwa ule mwandiko wake unaolala. Katikati: orodha. Ninainakili neno kwa neno, kwa ajili ya kumbukumbu.

Daktari, sare 2. Ya pili ndefu.

Fundi Saa, sare 3. Moja ya haraka.

Mwalimu wa Hesabu, sare 4.

Nilikaa kitandani. Kumbe mdogo wangu amekuwa akicheza kwa siri na wakubwa wote, na hakuna aliyeweza kumshinda! Sare mbili na Daktari, mtu aliyepoteza mchezo mmoja tu mwaka mzima. Na ya pili ndefu. Maana yake alimchosha. Matokeo rasmi hayakuwa na habari hizi hata kidogo, na hesabu haiwezi kuona kilichofichwa sandukuni.

Nilijiuliza kama kuna tafsiri nyingine. Nilijiuliza kwa dakika nzima. Sikuiona.

Hesabu mpya: asilimia hamsini na nane. Nimemfuta Fundi Saa.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimekabidhi bahasha. Katibu, ambaye alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, aliipima kwanza kwa mkono kama anayetafuta jiwe ndani yake, kisha akaitia kwenye kabati na kufunga. Gundi alikuwa nyuma yangu. Hakuficha kitu: ameandika Daktari na Fundi Saa. Aliniuliza mimi nimeandika nani. Nikamjibu kwamba mtafiti hatangazi matokeo kabla ya wakati. Akasema sawa, Mtaalamu, na akaniachia mlango nipite.

Raundi ya kwanza. Mdogo wangu amemshinda Mwalimu wa Hesabu, yule yule aliyekuwa akitoka naye sare. Maendeleo dhahiri.

Hata hivyo, chanzo kimoja hakitoshi. Wakati wa chai nilimfuata Daktari ili kuhakiki. Sikutaka ajue nimesoma daftari la mtu, kwa hiyo nilianzia mbali: nimesikia habari za zile sare zake mbili na mdogo wangu. Uso ulimchangamka. Alisema ni kazi safi sana. Ya kwanza, alikiri, ilibana kidogo mabegani, lakini ya pili ilikuwa na nafasi, na ndiyo aliyoipenda. Nilimuuliza kama alitegemea. Alisema hata kidogo, yeye alidhani mdogo wangu anajua mambo ya harusi tu. (Majivuno ya mabingwa. Nikayapuuza.) Akaongeza kwamba mke wake ameridhika mno, na kwamba mwakani atataka nyingine mbili.

Nimeyachambua maneno haya kwa makini. Mabega: bila shaka ni namna yao ya kutaja pembe za ubao. Kubana na kuwa na nafasi: istilahi zinazofahamika, zimo katika vitabu nilivyoviorodhesha mwenyewe. Kutaka nyingine mbili mwakani: anataka kulipiza. Mke kuridhika: hilo sijapata pa kuliweka. Kila takwimu ina takataka zake.

Asilimia sitini na tatu.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi niliona mdogo wangu ana macho mekundu. Anashona kupita kiasi, wala hasemi kwa nini. Mchezaji mwenye nafasi ya asilimia sitini na tatu anapaswa kupumzika, na mapumziko hayapewi na mtu mwenyewe. Lazima yapangwe na ndugu. Mdogo wangu alipotoka kwenda kununua uzi, nilipitia kwenye chumba chake cha kazi, nikabandika kadi mlangoni: FUNDI HAYUPO HADI JUMATATU. Herufi kubwa, zilizonyooka. Nikaenda kazini nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema bila kutafuta sifa.

Saa tano alikuja mwanamke mmoja kwenye meza yangu, akihema kwa sababu ya ngazi. Alisema ameambiwa hapa ndipo anapofanya kazi dada wa fundi. Anataka sare yake. Nilimwambia kwa upole kwamba sare haiombwi, hupatikana mezani. Akasema mezani amechungulia dirishani, hakuna kitu, na cherehani imefunikwa. Nikamweleza kwamba hata hivyo inahitaji watu wawili kukubaliana. Akasema walishakubaliana tangu Julai, na kipimo alichukua, na shule zinafunguliwa Jumatatu, na mtoto wake hataingia darasani amevaa shuka.

Kisha akaweka mbele yangu kikaratasi cha fundi. Shati moja. Sketi moja. Miaka saba. Kola ya mviringo.

Nilikitazama kile kikaratasi kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nyuma ya yule mwanamke walikuwa wamepanda wengine wanane.

Nilikimbia hadi mtaa wa pili. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, kadi yangu mkononi, amezungukwa na wazazi, anaapa mmoja baada ya mwingine kwamba yupo, hajaondoka, hajala kitambaa cha mtu. Kwenye kamba ya kuanikia niliona mashati mawili madogo yaliyorudishwa kurekebishwa, kila moja na kipande cha karatasi kifuani. Daktari. Daktari. Moja lilikuwa refu kuliko jingine.

Ilimchukua hadi jioni kuwatuliza. Alifika ukumbini amechelewa dakika ishirini, saa yake mezani imekwisha kuanza kukimbia, na mpinzani wake wa raundi ya pili alikuwa Daktari mwenyewe. Daktari alisimama akampa mkono, akamwambia ni heshima kubwa kukutana naye ubaoni kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya kwanza! Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Mdogo wangu alipoteza katika hatua ya ishirini na saba, kwa kosa la mtu aliyechoka.

Njiani kurudi nyumbani alinionyesha kadi. Hakuuliza ni ya nani. Hakuna mwingine anayeandika herufi kama za kabati la maktaba. Nilisema nilitaka apumzike. Nilimuuliza tangu lini anashona sare za shule. Akasema tangu harusi zilipopungua, mwezi wa tano. Nikasema hakuniambia. Akasema sikuuliza.

Kwa hiyo: chanzo cha kwanza, batili. Chanzo cha pili, batili. Asilimia, baada ya kupoteza leo: nne. Na pointi ile moja aliyoipoteza, kwa kipimo chochote cha haki, nimeipoteza mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi: kuipata bahasha kabla ya mtu kuifungua. Ikijulikana nimemwandika mdogo wangu, nitaulizwa kwa nini, nikiulizwa kwa nini, nitajibu, nikijibu, atajua. Nilimwendea Katibu nikamwambia nina wasiwasi na tahajia ya jina moja. Aliniuliza ni jina gani kati ya maneno Daktari na Fundi Cherehani ninaloshindwa kuliandika nikiwa na shahada. Kisha akasema yeye alipima mashamba miaka thelathini, na hajawahi kung'oa kigingi kwa sababu mwenye shamba ameamka na mawazo mapya. Isitoshe bahasha zilifunguliwa jana, na majina yote yamebandikwa chini, kwenye ubao wa matangazo.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Orodha ilikuwepo kweli. Watabiri ishirini na watatu. Katika safu ya jina la mdogo wangu kuna alama moja, na mbele yake jina langu.

Nilipokuwa nimesimama pale nikifikiria kama karatasi iliyobandikwa kwa pini nne inaweza kuanguka yenyewe, nilihisi mtu kando yangu. Alikuwa yeye. Mdogo wangu hajawahi kuingia maktaba mchana. Husema vitabu vinamkumbusha mitihani.

Alisema, "Dada, umeniandika."

Nikasema ndiyo.

"Watu ishirini na watatu. Ni wewe peke yako."

Nilifungua mdomo. Ukweli wote ulikuwa tayari, kwa mpangilio, pamoja na tarehe. Lakini alikuwa akiitazama ile alama kama mtu anayesoma barua, na katika miaka yote sikumbuki kuwa nimewahi kumtazama kwa namna hiyo wala yeye kunitazama mimi. Nikafunga mdomo. Sijui kama hilo lilikuwa jambo jema au woga tu. Vyote viwili huonekana sawa kwa nje.

Akasema basi haya, akaondoka.

Jioni ameshinda kwa dakika arobaini. Pointi mbili katika michezo mitatu. Gundi alinisogelea, akaniambia mdogo wangu leo amevuta kiti mara moja tu, kisha akaniuliza, kwa heshima zote, ushahidi wangu ulikuwa upi. Nikasema bado unachakatwa.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Ameshinda tena. Pointi tatu.

Daktari na Fundi Saa wametoka sare. (Ile ya kweli. Nilikaa pale hadi mwisho nikahakikisha.) Kila mmoja ana tatu na nusu. Kesho mdogo wangu anakutana na Fundi Saa. Hesabu haina mzunguko: akimshinda, amefuzu, sare inamtosha Fundi Saa, yeye haimtoshi. Uwezekano: asilimia tisa. Fundi Saa hajashindwa na yeyote tangu Februari.

Nyumbani kuna mashati thelathini na mawili ya kumalizia kabla ya Jumatatu, mrundikano uliosababishwa na kadi yangu. Niliomba kazi. Nikapewa vifungo. Nilishona vifungo kumi na vinne kwa uangalifu mkubwa, umbali sawa baina ya kimoja na kingine, nikitumia rula. Mama alilipokea shati la kwanza, akaligeuza, akaniuliza huyu mtoto anafungia mgongoni. Akavifumua vyote. Alisema mimi nilisomeshwa kwa nguvu zote za ukoo, na anaanza kuona nguvu zilikokwenda.

Kisha, mdogo wangu alipotoka kwenda kupiga pasi, Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu jana mtoto anaimba kwenye cherehani. Akaniuliza nimemfanyia nini. Nikasema sijafanya kitu. Ni jibu sahihi zaidi kuliko alivyodhani.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Ukumbi umejaa hadi madirishani. Fundi Saa alivuta kiti mara moja. Mdogo wangu alivuta mara moja. Gundi akakuna kichwa.

Sitaeleza mchezo wote. Mimi si mchezaji, na niliacha kuandika hatua mapema. Itoshe kusema kwamba baada ya saa mbili mdogo wangu alikuwa na askari mmoja pungufu, na mfalme wake amesukumwa pembeni. Daktari alishamaliza mchezo wake mapema kwa sare na kujihakikishia moja ya zile nafasi mbili. Imebaki moja. Mimi, mstari wa tatu, nilikuwa nikimwombea mdogo wangu amalizie kwa heshima. Sare na Fundi Saa si aibu. Kushika nafasi ya tatu si aibu. Nilikuwa nimeanza kuandaa maneno ya kumfariji, na nakiri yalikuwa na asilimia ndani yake.

Hapo Fundi Saa aliinua macho, akanyoosha mkono nusu juu ya ubao, akasema neno moja.

"Sare?"

Mdogo wangu hakuinua kichwa. Alisema, "Nimeshona za kutosha."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mstari mzima, na Katibu akagonga meza kuomba utulivu huku naye mabega yakimcheza. Fundi Saa alicheka pia, ana watoto watatu na anajua amevalishwa na nani. Lakini aliporudi kwenye ubao hakuwa na uso ule ule. Mdogo wangu akamtoa farasi wake mzima mzima, bure, nilivyodhani. Haikuwa bure. Hatua kumi na moja baadaye mfalme wa Fundi Saa alikosa pa kukimbilia.

Amefuzu. Mdogo wangu amefuzu. Ninaandika mara mbili kwa kuwa mara moja haikutosha. Nilipiga kelele, nadhani. Mama anasema nilipiga.

Ningependa ukurasa uishie hapo.

Katibu alitangaza kwamba kati ya watabiri ishirini na watatu, mmoja tu amepatia majina yote mawili. Makofi. Gundi mwenyewe ndiye aliyenisukumia kiti nipite. Nilikuwa nimejiandaa: sentensi nne, kuhusu dada kumwamini mdogo wake. Nilizisema tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya meza, mkono wa Mama begani, ananisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo.

Gundi akanyoosha mkono. Aliuliza bila ubaya wowote, na nimelichunguza hilo kwa haki: basi haukuwa ushahidi, ilikuwa imani tu, kama yake ya viti? Akasema karibu kwetu, Mtaalamu.

Nilipaswa kusema asante. Nililiona neno asante likiwa mbele yangu kama mlango ulio wazi. Lakini viti! Miaka mitatu ya viti, na sasa nihesabiwe humo. Nikasikia sauti yangu ikisema hapana, haikuwa imani, nilikuwa na data. Baada ya hapo hakukuwa na pa kusimama. Nilieleza daftari. Nilieleza sare mbili, ya pili ndefu. Nilichukua chaki. Nilipofika kwenye ile iliyobana mabegani, Daktari alikuwa ameegemea ukuta anafuta machozi, na mwalimu mmoja ameomba kutoka nje.

Ukumbi wote ulicheka. Mdogo wangu naye alicheka, kwa midomo tu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Tumeshona tangu asubuhi, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo, safari hii upande wa mbele. Mama alitoka kwenda kupeleka mashati kumi ya kwanza. Tulishona mashati manne.

Kisha akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Aliuliza, "Usingeliona lile daftari, ungeniandika?"

Niliwaza kuhusu jana, na Alhamisi, na mlango uliokuwa wazi. Nikasema hapana.

"Ulikuwa umenipa ngapi?"

"Kumi na moja."

Akakata uzi kwa meno. Alikaa akiutazama ule uzi, nami nikajichoma kidole kwa sindano, jambo ambalo halina uhusiano ila lilitokea.

Akasema, "Mimi nilijipa tano. Zilizobaki zote nilizichukua kwako."

Nilimwambia zile hazikuwa za kweli. Akasema anajua sasa. Akasema Alhamisi hakujua, na mchezo ulikuwa Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi. Nilimuuliza kama amekasirika. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya kila kitu, akasema ndiyo, kiasi, lakini ana mashati kumi na sita na hasira yake itabidi isubiri foleni. Akanirushia shati. Nikashona. Baadaye kidogo, bila kugeuka, aliniuliza kama ni kweli nilimwambia mama wa watu kwamba sare inahitaji watu wawili kukubaliana. Nikasema ni kweli. Mabega yake yakaanza kutikisika, na cherehani ikapinda mshono, na ikabidi afumue kola nzima.

Nimetafakari sana usiku ulipoingia. Nimefikia hitimisho, ingawa nalisema kwa tahadhari: mtu asijenge utabiri juu ya maneno yaliyokutwa njiani, asiyoyajua chanzo wala muktadha wake. Nimelipigia mstari.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Watoto wote wameingia darasani wamevaa. Hakuna shuka.

Nimepewa rasmi kiti cha mchambuzi. Kinayumba upande mmoja, na Gundi ameniahidi kukitia gundi. Kwa desturi, mchambuzi hutangaza mapema nani ataibuka wa kwanza kati ya Wanane. Niliahidi kutumia matokeo rasmi tu, ya miaka mitano. Kwa hesabu hizo mdogo wangu ni wa nane. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, kwa penseli.

Asubuhi hii nilipita mbele ya kibanda cha Fundi Saa. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa akiongea na mtu nisiyemwona, kwa ule utulivu wa mtaalamu aliyekwisha kushindwa na hana tena cha kuficha, na katika mwaka huu amecheza na wote wanane. Nilisimama kufunga kiatu. Alisema hivi, ninanukuu: ile kubwa imesimama kabisa, ya mzee inarudi nyuma, lakini ya mama inakwenda mbele, tena mbele sana, hata yeye inamshangaza.

Kubwa: Bingwa wa mwaka jana, hakuna shaka. Mzee: yule hakimu mstaafu, mkongwe wa Wanane. Na mwanamke katika Wanane ni mmoja tu.

Sikurukia. Nimejifunza. Nilijiuliza kwanza kwa nini amesema "ile" na "ya mama", badala ya "yule" na "mama". Nililizungusha swali hilo hadi kazini, nikalipata jibu nikiwa kwenye ngazi: anazungumzia nafasi zao. Nafasi kubwa, nafasi ya mzee, nafasi ya mama. Ngeli inakubali. Nimehakiki kwenye kamusi mbili, rafu ya tatu.

Nimefuta penseli. Nimeandika jina la mdogo wangu juu ya wote, kwa wino, na nimeteremka kulibandika mwenyewe. Pini sita.